Ndani: Hakuna

Ukifika kwenye lile ghala la baridi, mtu wa kwanza kukutana naye ni Mama Kadi. Utamkuta dirishani, miwani imening'inia kifuani kwa uzi, kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani ili nzi wasikionje kabla yake. Atakuamkia, atakuuliza habari za nyumbani, na majibu atayasikiliza kweli, si kama wale wanaouliza huku wakitazama pembeni. Kisha atakupa kadi ya plastiki yenye namba, nayo ndiyo itakayokufungulia mlango. Ni mwanamke mpole, maji ya mtungini. Asubuhi kabla hajawasha chochote hufumba macho akaomba, midomo ikicheza bila sauti, na wapakiaji wanaosubiri kadi hunyamaza, hata wale wasiojua mara ya mwisho walisali lini.

Jambo moja geni utaliona jioni. Watu wakishatoka, Mama Kadi huiacha skrini yake ikisema kila kitu ni sawa, huvaa koti zito, akaenda kufungua vyumba vyote kimoja baada ya kingine. Husimama kizingitini, ukungu wa baridi ukimlamba miguu, akaita, "Nani yumo?" Halafu hungoja. Hungoja kupita inavyohitajika. Wafanyakazi wapya hucheka. Wa zamani hawacheki.

Ghala lenyewe lina vyumba vinne, kila kimoja kikubwa kama nyumba ya watu, na milango minene kama godoro. Viwili vya mwanzo ni vya kupoza tu, mboga na maziwa. Cha tatu na cha nne ni vya kugandisha, humo nyama na samaki hugeuka mawe. Mtu huingia kule na koti, glavu na buti, na hakai sana. Hapo zamani, wafanyakazi walikuja na kandambili zao, wakazivua mlangoni mwa chumba wanachoingia, wakavaa buti. Basi nyapara akitaka kufunga jioni alikuwa anainama tu kutazama sakafu. Kuna kandambili, kuna mtu. Hakuna, funga. Hakuna aliyefundishwa utaratibu huo wala kuuandika. Ulikuwepo tu, kama ulivyo mlangoni mwa nyumba yoyote.

Kandambili za wifi yake Mama Kadi zilijulikana kuliko zote: kamba moja ya kijani, moja nyeupe, kwa sababu ya kwanza ilikatika naye hakuona haja ya kununua jozi nzima. Huyu wifi, mdogo wake mumewe, alikuwa mpakiaji wa chumba cha tatu, na ghala zima lilimwita Redio. Alikuwa haishiwi maneno. Aliongea akibeba boksi, akitafuna, hata akipiga mswaki, kwa jinsi Mama Kadi alivyosimulia. Walikaa nyumba moja, wao na mama mkwe, kwa kuwa mume wa Mama Kadi ni dereva wa lori, leo yuko hapa, kesho yuko mpakani. Mama Kadi ndiye aliyemwombea Redio kazi, na siku aliyomchukua kumpeleka, mama mkwe alimshika mkono mlangoni.

"Mkwe wangu, huyu nimebaki naye peke yake wa kike. Nakukabidhi. Mnatoka pamoja, mrudi pamoja."

"Tutarudi pamoja, mama," alijibu. Na ndivyo ilivyokuwa. Kila jioni walirudi wawili, mmoja akiongea, mmoja akisikiliza.

Kisha ikaja seva.

Meneja aliileta kwa gari, imeviringishwa mablanketi kama bibi harusi. Ilikuwa sanduku jeusi la chuma lenye vitaa vidogo. Ikapewa chumba chake, kilichokuwa stoo ya mafagio, ikafungiwa kiyoyozi. Wapakiaji wakasema sisi ndio tunaolipwa kwa kugandishwa, huyu mwenzetu anapewa baridi ya bure. Fundi wa kompyuta, bwana mwenye simu mbili na haraka isiyoisha, akawakusanya kuwaeleza. Seva, akasema, ni kompyuta kubwa ya biashara. Ndani yake kuna programu mama, ndiyo roho yake. Programu nyingine, ya milango, ya kengele, ya vipimo vya baridi, hizo ni watoto waliobebwa mgongoni. Mama akisimama, wamesimama. Mama akilala, wamelala.

"Na akifa?" Redio akauliza.

"Hafi huyu. Ni wa makampuni makubwa."

"Makaburi yamejaa wakubwa," Redio akamwambia jirani yake, si kwa sauti ndogo.

Utaratibu mpya ulikuwa rahisi. Ukiingia chumbani unagusisha kadi mlangoni, ukitoka unagusisha tena kwa ndani. Ukiwa humo, jina lako linaandikwa kwa kijani kwenye skrini ya Mama Kadi. Ukitoka linafutika, na chumba kikibaki kitupu skrini inaandika: Ndani: hakuna. Ili watu wasiazimane kadi, kulikuwa na sheria moja: kadi ambayo seva haikuiona ikiingia, haitoki. Meneja alifurahi sana. Akaagiza viatu viondolewe milangoni, viwekwe kwenye makabati ya chuma kule langoni.

"Hapa si nyumbani kwa mtu," alisema. "Tuna seva sasa. Atakayetaka kujua nani yuko wapi, aulize skrini."

Mama Kadi alichaguliwa kukaa na skrini kwa sababu mwandiko wake ulikuwa safi na mkono wake haukuwa na pupa. Elimu yake ni ya msingi, lakini alijifunza. Programu ya milango ilisema Kiswahili. Programu mama ilisema kizungu, na ilikuwa na madai kama mwanamwali. Kila mwezi ilitaka neno la siri jipya, lenye herufi kubwa, tarakimu na alama. Mama Kadi aliweka majina ya manabii mpaka yakaisha, akaingia kwa wake zao.

"Ukifika kwenye punda wao utuambie, wifi," Redio alisema, na chumba cha chai kikacheka mpaka Mama Kadi naye akacheka, ingawa baadaye aliomba msamaha kimoyomoyo kwa ajili ya wote.

Miezi ikapita vizuri. Halafu asubuhi moja kikatokea kisanduku katikati ya skrini, maneno ya kizungu na vitufe viwili. Akampigia Fundi.

"Bonyeza cha kulia," Fundi akasema. "Maana yake Baadaye."

"Lakini kinasema nini?"

"Kinakumbusha tu. Ni kama jogoo, mama. Kuwika kwake hakuzuii wala hakuleti asubuhi."

Akabonyeza. Kesho yake kikarudi. Akabonyeza. Akamwomba Meneja amsomee, Meneja akakisoma akiwa amesimama, akasema hilo ni la Fundi, ni mambo ya muda wa majaribio kukaribia kwisha, yeye aendelee na kazi. Baada ya siku nyingi ndipo ukweli ulipojulikana, na haukuwa siri, ni kwamba hakuna aliyeuliza: Fundi aliweka toleo la kujaribia, lile la kuonja, akisubiri kampuni inunue lenyewe. Kampuni nayo ilisubiri kuona kama kuna haja. "Inafanya kazi au haifanyi?" Meneja aliuliza. Ilifanya. Basi likaachwa. Na kila asubuhi, baada ya sala yake, jambo la kwanza la Mama Kadi lilikuwa kubonyeza Baadaye. Ikawa kama kupangusa meza.

Siku muda ulipokwisha, seva haikufa. Ingekufa ingekuwa afadhali. Ilianza kuzirai. Ilifanya kazi saa moja, kisha bila kuaga ikajizima, vitaa vyote vikafumba. Skrini ikawa nyeusi, na milango ikabaki ilivyokuwa: imefungwa, sumaku zake zimeng'ata, kwa kuwa sumaku zilipata umeme wake ukutani, seva ilitoa amri tu. Mama Kadi alikimbilia stoo, akabonyeza kitufe, akasimama akisikiliza feni ikipanda sauti kama mtu anayevuta pumzi baada ya kuzama. Ikaamka. Saa moja baadaye ikaanguka tena.

Ubaya haukuwa kuanguka, ulikuwa kuamka. Iliamka haikumbuki kitu. Waliokuwamo vyumbani wote walifutika, skrini ikaandika chini ya kila chumba: Ndani: hakuna. Na kwa kuwa haikujua kwamba wameingia, haikukubali watoke. Mtu aligusisha kadi akiwa ndani, mlango ukamwonyesha taa nyekundu. Ilibidi abonyeze kengele, Mama Kadi amfungulie kwa mkono kutoka dirishani. Nayo kengele ilipitia huko huko kwenye seva, na programu yake haikuamka na wenzake, ilitaka kubonyezwa peke yake.

Fundi alisema dawa ni ndogo. Seva ikizimika na kuamshwa, Mama Kadi atawafungulia, wote mtatoka, mtagusisha upya. Wakafuata siku chache, wakachoka. "Tumekuwa ndege wa saa ya ukutani," alisema mpakiaji mmoja, "kila saa kichwa nje." Ndipo Mama Kadi, kwa huruma yake, akawatafutia njia. Alikuwa na kumbukumbu nzuri. Seva ikiamka, yeye aliwarudisha majina yao kwa mkono: fulani cha kwanza, fulani cha nne. Hakukosea hata mara moja. Basi wakaacha kutoka. "Mama Kadi ataniandika," walisema, wakaendelea kupanga maboksi. Kumbukumbu yake nzuri ndiyo iliyowaponza.

Kulikuwa na dalili, asiyeziona ni nani. Mpakiaji mmoja alikwama chumba cha nne, alipotoka midomo imekuwa ya majivu, wakamcheka, wakampa chai. Mama Kadi alicheka nao, lakini kikombe chake mwenyewe akamsogezea yule aliyekwama. Na vitasa vya dharura vya vyumba vya kugandisha, ambavyo mtu akivisukuma kwa ndani mlango unafunguka wenyewe, vilikuwa vimeganda barafu. Taarifa ilitolewa. Ikajibiwa kwamba itashughulikiwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wazee walisema, ila hawakusema huumiza matumbo ya nani.

Siku yenyewe ilianza kwa ugomvi, tena mdogo. Wageni walikuwa wanakuja, wenye biashara kubwa waliotaka kukodi vyumba viwili, na Meneja alitaka waonyeshwe skrini. Asubuhi akamwambia Mama Kadi awasisitize watu wagusishe kadi ipasavyo. Mama Kadi akawaambia, na macho yake yakamwangukia Redio, maana ndiye aliyekuwa mzito wa kugusisha kuliko wote.

"Na wewe pia, wifi."

"Mimi nimekosa nini tena? Nyumbani nifagie, huku niguse. Nitaolewa lini nipumzike?"

Watu wakacheka. Mama Kadi hakucheka, kwa sababu alikuwa na hofu ya wageni. "Nasema kwa faida yako. Skrini isipokuona, haikuoni."

"Wewe je, huna macho?" Redio akasema, na sasa hakuwa anatania. "Umekuwa ulimi wa hiyo mashine. Ikisema sipo, na wewe utasema sipo."

"Usipokuwepo masikio yetu yatapumzika."

Lilimtoka. Mwanamke ambaye hajawahi kumwambia mtu neno la kumrudisha nyuma, alilitoa hilo mbele ya watu. Redio alimtazama, akachukua glavu zake, akaenda zake. Tangu saa ile hawakusemeshana. Wakati wa chai Redio alikaa upande wa pili, amempa mgongo.

Mchana Meneja akaamuru kazi imalizwe mapema, watu watoke, ghala liwe tulivu wageni wakifika. Wapakiaji wakatoka kwa kundi, wakagusisha, wakaenda makabatini. Mama Kadi aliwaona wakipita. Kwa kawaida angemtafuta mmoja machoni. Siku ile aliinamia meza yake akapanga upya, bila kuhesabu, kadi ambazo zilikuwa zimepangwa. Akasema moyoni, akitaka kupita apite. Akasikia vicheko langoni, akadhani anasikia na chake.

Redio hakuwa langoni. Alikuwa nyuma kabisa ya chumba cha tatu, akisawazisha boksi lililopinda, akinuna peke yake. Na wakati ule seva ikazirai.

Mama Kadi akakimbia stoo, akaiamsha. Aliporudi wageni wameshafika dirishani, viatu vinang'aa, Meneja katikati yao. Skrini ilikuwa imewaka: Ndani: hakuna, vyumba vyote vinne. Hapo ndipo angebonyeza programu ya kengele iamke. Lakini Meneja alikuwa amekwisha kusogea mbele ya meza, kidole chake kwenye skrini.

"Mnaona wenyewe. Watu wote wametoka salama, na hakuna aliyeinuka kitini kwenda kuhesabu."

Wageni wakatikisa vichwa kukubali. Mmoja akasema ni jambo zuri sana. Wakaulizana hili na lile, wakapiga picha, wakaondoka na Meneja kwenda kula. Wakati wa kutoka Meneja akamwambia afunge, arudi nyumbani, leo amefanya vizuri. Akafunga. Akafunika skrini kwa kitambaa chake alichofuma mwenyewe, akatoka.

Alirudi peke yake. Njiani palikuwa kimya kiasi cha kusikia kandambili zake mwenyewe, akajiambia Redio katangulia, tena kwa makusudi. Akapanga maneno ya kumwomba radhi. Akanunua hata machungwa, maana Redio akipewa chungwa hawezi kununa, mdomo unakuwa na kazi.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akichambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

"Si ametangulia?"

"Katangulia wapi? Tazama mlangoni."

Mama Kadi akatazama. Pale kizingitini palikuwa na viatu vya mama mkwe, vya wajukuu wake wawili vimelala kifudifudi, na kandambili za Mama Kadi mwenyewe alizokuwa anazivua. Hapakuwa na kamba ya kijani wala nyeupe. Alisimama na mguu mmoja peku, chungwa moja likadondoka, likabiringika mpaka kwenye ungo wa mchele.

"Mkwe wangu," mama mkwe akasema polepole, "mlirudi pamoja?"

Mama Kadi alishageuka.

Jua lilikuwa linazama alipofika ghalani. Mlinzi, mtu mzima mwenye fimbo na kikohozi, akamfungulia lango akidhani kasahau miwani. Mama Kadi akampita moja kwa moja hadi makabati ya chuma. Hayakuwa na kufuli. Akafungua la Redio. Kandambili zilikuwamo, kijani na nyeupe, zimepangwa visigino pamoja.

"Labda kaondoka na buti," alisema Mlinzi, ila sauti yake ilikuwa imeshajua.

Mlango wa chumba cha tatu ulikuwa umefungwa. Mama Kadi akaweka sikio, akasikia ngurumo ya feni tu. Akapiga kwa viganja, akaita wifi, wifi. Mlango mnene kama godoro haurudishi hata mwangwi. Akaenda dirishani: skrini nyeusi. Saa yake ilikuwa imepita, seva imezimika zamani, na hapakuwa na mtu wa kuiamsha. Akampigia Meneja, mwenye ufunguo wa akiba. Nyuma ya sauti yake kulisikika vijiko na watu wanaocheka.

"Redio yumo ndani, bosi. Chumba cha tatu."

"Skrini inasemaje?"

"Kabla haijazima ilisema hakuna."

"Basi hakuna. Mama, umechoka leo, nenda kapumzike."

"Viatu vyake viko kabatini."

"Niko na wageni. Nitakupigia baadaye." Simu ikakatika.

Akampigia Fundi kwenye simu ya kwanza, haipatikani. Ya pili, inatumika. Akakimbilia stoo, akabonyeza kitufe. Feni ikapanda, vitaa vikafumbua, akarudi dirishani akisema haya amka, amka mama. Skrini ikawaka buluu. Katikati kulikuwa na duara la vidoti likizunguka, na chini yake maneno ya kizungu ambayo hakuyajua kuyatamka lakini aliyatambua kwa sura, maana Fundi alimwonyesha siku ya kwanza. Programu mama ilikuwa inajirekebisha. Hufanya hivyo inapotaka yenyewe. Na Fundi alisema, akiwa ameinua kidole: ukiona hivi, usizime, hata nyumba ikiungua. Ukizima katikati, umeiua.

Namba kando ya duara ilikuwa ndogo. Ikapanda kidogo. Ikasimama. Vidoti vilizunguka bila haraka, kama wanaozunguka tanuri wakingoja mkate. Mlinzi alileta nondo akaupiga mlango, nondo ikaruka, mlango ukabaki na alama ndogo kama ya ukucha. Mama Kadi aliitazama namba mpaka machozi yakaificha. Alipoyafuta ilikuwa palepale.

Mlinzi akarudi, anahema. "Mama Kadi. Wakumbuka siku ile umeme wa mtaa ulipokatika na jenereta likagoma? Milango yote ilijiachia. Nilishinda humu nafukuza paka na hii fimbo, nalinda nyama za watu."

Mama Kadi akamtazama. Kisha wote wawili wakatazama ukutani, kwenye swichi kuu, mkono mwekundu wa chuma chini ya bango: Usiguse bila idhini.

Sumaku zilishikwa na umeme. Kila kitu kilishikwa na umeme: nyama za watu, samaki wa watu, seva iliyo katikati ya kujirekebisha, kazi yake. Alifumba macho. Sala yake ya siku zote ina maneno mengi, hii ilikuwa na moja, jina tu. Akashika ule mkono wa chuma kwa mikono miwili, akauvuta chini.

Ghala likanyamaza. Hakuwahi kulisikia likiwa kimya. Feni zikateremka sauti moja baada ya nyingine, zikaisha, na katika ule ukimya milango minne ikatoa mlio mdogo, tik, kama mtu anayefungua kinywa kutaka kusema.

Waliingia na tochi ya simu. Ukungu, maboksi, ukungu. Walimkuta nyuma kabisa, amekaa juu ya maboksi aliyoyabapaza, amejiviringisha nailoni za kufungia mizigo mpaka shingoni, kope zake nyeupe. Macho yalikuwa wazi. Yaliwatazama bila mshangao. Mama Kadi alimkumbatia, akamkuta mgumu kama vile vitu alivyokuwa anavipanga kila siku. Akamwita. Redio ilikuwa imenyamaza. Ila chini ya nailoni, mbali sana, kifua kilipanda, kikashuka.

Hospitali walimwokoa. Vidole viwili vya mkono wa kulia hawakuviokoa, vile alivyobonyezea. Mama Kadi alikaa kitandani kwake akiwa amejiandaa kwa matusi, aliyataka. Siku ya tatu Redio akafungua mdomo, sauti ndogo ya mtu mwingine.

"Wifi, nilibonyeza kengele mpaka nikachoka. Nikasema, basi, leo masikio yake yamepumzika."

Akajaribu kucheka, kama ulikuwa utani wao wa siku zote. Mama Kadi akamfunika shuka mpaka mabegani.

Seva haikuamka tena, Fundi alisema ukweli hapo. Akaandika ripoti, na mahali pa kutaja chanzo akaweka maneno matatu: kosa la mtumiaji. Meneja akamsomea Mama Kadi, akitazama pembeni. Mama Kadi hakubisha. Alisema tu, "Hiyo Baadaye nilibonyeza mimi." Hawakumfukuza, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kadi, na kwa kuwa Mlinzi alimsimulia kila mtu aliyepita langoni aliyoyaona jioni ile.

Ikanunuliwa seva mpya, na programu mama yenye hati zake zote. Haizirai. Iko kimya, safi, inajua nani yuko wapi. Kile kisanduku bado hutokea mara mojamoja, na vitufe vyake viwili, na Mama Kadi huondoa mikono yake mezani, akamwita Meneja aje akibonyeze yeye mwenyewe. Viatu navyo vimerudi milangoni. Hakuna aliyeamuru. Meneja hupita katikati yake akiinua miguu.

Na jioni, sakafu ikiwa tupu na skrini ikisema hakuna, Mama Kadi huvaa koti lake, hufungua, huita, hungoja.

Nyumbani humkuta wifi yake amekaa karibu na mlango kwenye kigoda cha mama mkwe, mkono wa kulia ndani ya khanga. Siku hizi hutazama zaidi kuliko anavyosema. Kandambili zake hazivui hata akiwa ndani, na mama mkwe hamkatazi.

"Ulifungua vyote?" huuliza.

"Vyote."

"Na cha tatu?"

"Cha tatu nilifungua mara mbili."

Redio huitikia kwa kichwa, husogea kumpa nafasi. Wakakaa hivyo wawili, hakuna anayeongea, mpaka chakula kiive.